Wimbo Uliobaki Bila Maneno

Mwaka ule wa pili wa korona, Sydney ilipofungwa tena katikati ya baridi, mimi nilikuwa miongoni mwa watu walioruhusiwa kutoka. Tuliishi St Marys, mimi na binti yangu wa miaka kumi na sita. Baba yake alikuwa Perth kwenye migodi, na kwa kuwa mipaka ya majimbo ilikuwa imefungwa, tulimwona kwenye simu tu, akila chakula cha kambini huku akituuliza kama sisi tumekula. Asubuhi nilivaa shati langu la kazi, nikamwacha binti kwenye meza ya jikoni na kompyuta ya shule, nikapanda treni iliyokuwa karibu tupu hadi Parramatta. Helikopta ya polisi ilikuwa ikizunguka juu ya mitaa yetu, na ingawa nilikuwa na kibali mfukoni, kila nilipoisikia nilijihisi kama mtu aliyeiba kitu.

Niliyekuwa nikimhudumia ni mwanamke wa Uskoti aliyeishi peke yake katika nyumba ya ghorofa ya chini karibu na mto. Alikuwa amevuka sitini kidogo. Ugonjwa wa neva ulikuwa umemnyang'anya miguu kwanza, kisha ukaanza kumnyang'anya vidole. Nilimtoa kitandani kwa mashine ya kuinulia, nikamwogesha, nikamvalisha, nikamtilia chai katika kikombe chenye masikio mawili. Wiki ya kwanza aliniita kuku, nami nikanyamaza na kuumia moyoni hadi aliponieleza kwamba kwao kumwita mwanamke kuku jike ni kumwonyesha upendo. Tangu siku hiyo tukawa tunacheka.

Alipokuwa na miaka ishirini alikuwa mwimbaji wa bendi kule Glasgow. Vijana wanne, yeye msichana pekee. Muziki wao ulizaliwa pale fujo za muziki wa panki zilipoanza kupoa na watu wakataka kitu kingine ambacho hawakukijua bado. Gita lilikuwa jembamba na kali, besi ndiyo iliyotangulia, na juu yake sauti ya msichana ambaye haimbi wala hasemi, anafanya kitu fulani katikati. Bendi ilidumu miaka michache, ikatoa santuri ndogo kadhaa na moja kubwa, ikavunjika. Yeye akamfuata mwanamume Australia. Mwanamume akaenda zake, yeye akabaki.

Sasa, miaka arobaini baadaye, kampuni ndogo ya kule kwao ilikuwa inataka kukusanya nyimbo zao zote katika albamu moja, santuri mbili ndani ya jalada moja, na maelezo ya historia ya bendi. Wale waliokuwa vijana wakati ule walikuwa wamezeeka na kufungiwa ndani kama sisi, wakaanza kutafuta muziki wa ujana wao. Kijana wa kampuni alikuwa akituma nyimbo moja moja kwa kompyuta, na bibi yangu, ndivyo nilivyozoea kumwita yule Mskoti, alitakiwa kusikiliza na kusema ipi iingie, ipi itangulie, ipi iachwe. Kwa kuwa vidole vyake havikuweza tena kuandika, vyangu ndivyo vilivyoandika. Mimi ni mtu wa kwaya, sauti ya pili, na mwanzoni nyimbo zile nilizisikia kama ugomvi wa majirani. Lakini nikazizoea. Kuna moja ilinikaa kichwani hadi nikawa ninaipiga kwa miluzi nikiosha vyombo.

Wakati huo kanisa letu lilikuwa linaabudu kwa video. Jumapili moja, ibada ilipokwisha, akina mama tulibaki kusalimiana kama kawaida, kila mmoja katika kijisanduku chake kwenye kioo. Mama mmoja, Mkenya mwenzangu, muuguzi, akasema binti yangu ni msanii wa kweli, kwamba wameitazama video yake nyumbani na kucheka hadi wakatokwa na machozi. Wengine wakatabasamu. Mmoja akazima kamera yake. Nikajibu kwa furaha kwamba sikuwa nimeona, naomba anitumie. Nilijua nimekosea kuuliza nilipoona uso wake ulivyobadilika, lakini alinitumia. Angefanyaje?

Nilitazama nikiwa nimesimama kando ya jiko. Binti yangu alikuwa amevaa shati langu la kazi na kilemba changu cha kulalia. Alikuwa ameshika simu sikioni kwa mikono miwili, mgongo umenyooka, kama mtu aliyesimama mbele ya hakimu. Alikuwa mimi, nikipiga simu ofisi ya serikali. Mtu wa upande wa pili anauliza jina, naye anajibu kwamba hajambo, asante sana, na wewe je? Anaulizwa tena jina, anajibu tena kwamba hajambo. Anaomba msamaha. Anataja jina lake herufi kwa herufi, polepole, kwa sauti ya kupanda, na baada ya kila herufi anasema asante. Mwisho anainamisha kichwa kuagana na simu, kana kwamba simu inamwona.

Kila kitu kilikuwa kweli. Hilo ndilo lililonichoma. Mimi hushika simu vile. Mimi huinamisha kichwa. Nilikotoka mtu humsalimu mwenzake kabla ya kumweleza shida yake, na Mwaustralia wa ofisini anapoanza kusema neno lolote, masikio yangu husubiri salamu, na mdomo wangu huijibu hata kama haikuja. Sikuwa nimewahi kujua kwamba inaonekana. Nilidhani ninaongea Kiingereza kizuri. Nilikuwa nimefundisha shule ya msingi Nakuru kwa Kiingereza hichohicho.

Chini ya video kulikuwa na maneno ya watu nisiowajua, watoto wa Kiafrika wa miji mingine, wakisema huyu ni mama yao kabisa. Nikaizima. Binti yangu alikuwa chumbani kwake, mlango umefungwa, nikisikia anacheka na mwenzake kwenye simu. Nikapika ugali na sukuma. Nikamwita aje kula. Akaja, akala, akanijibu kwa Kiingereza nilipomwuliza habari za masomo, na mimi sikumwambia chochote. Sikujua ningeanzaje. Kumkaripia kungekuwa kukiri kwamba nimeona, na kukiri kwamba nimeona kulikuwa kama kuvua nguo mbele yake.

Baada ya hapo sauti yangu ikanishinda. Nilipokuwa na haja na msimamizi wangu wa kazi nilimwandikia ujumbe. Nilipopigiwa, niliacha simu iite hadi ikome, kisha nikaandika kwamba nilikuwa bafuni na mteja. Kwenye ibada nilizima kamera, nikasema mtandao ni mbaya.

Halafu mashine ya kuinulia ikaharibika. Ilikuwa ikipanda nusu kisha inasita, inalia, inashuka yenyewe. Utaratibu ulikuwa wazi: unapiga simu kwa watu wa vifaa, wanauliza maswali, wanatuma fundi. Hawakuwa wakipokea ujumbe wa maandishi. Nikajiambia nitapiga kesho. Kesho nikajiambia labda ni betri, nikaichaji tena. Siku iliyofuata nilishindwa kabisa kumtoa kitandani, nikamwogesha palepale kwa beseni, nikamlisha akiwa ameegemea mito. Alivumilia. Alikuwa mtu wa kuvumilia mambo makubwa na kulalamikia madogo, kama chai kupoa. Lakini alipoona ninafunga vitu vyangu niondoke bila kupiga simu, akaniuliza, kwa upole tu, kwa nini.

Nilikuwa na barakoa na ile ngao ya plastiki usoni, na nadhani hiyo ndiyo iliyonisaidia. Nilikaa kwenye kiti kilichokuwa kando ya kitanda nikamweleza yote. Video, shati langu, kilemba, salamu zisizoulizwa. Nikamwambia kwamba ninaona aibu kufungua mdomo mbele ya watu wa nchi hii. Nikamwambia pia kwamba ninaona aibu kumlaza mtu kitandani siku nzima kwa sababu ya mchezo wa mtoto. Machozi yakatoka, na kwa sababu ya ngao sikuweza kuyafuta.

Hakunipa pole. Alitazama dirisha. Kisha akaniambia nichukue simu yake, nibonyeze namba, nimshikie sikioni. Akaongea na watu wa vifaa yeye mwenyewe, kwa lafudhi yake nzito ambayo na wao walimwomba arudie mara kadhaa. Fundi akaahidiwa. Nilipoweka simu chini, ndipo aliponisimulia habari za mama yake.

Mama yake alikuwa akisugua ngazi za majumba ya ghorofa ya watu, kwa magoti, na jioni anafagia ofisi. Nyumbani alisema kama majirani wote wa mtaa ule. Lakini akiongea na daktari, au mwenye nyumba, au akipiga simu kutoka kwenye kibanda cha barabarani, alibadilika. Alitoa sauti nyingine, ya juu, ya Kiingereza cha watu wakubwa, na maneno makubwa aliyoyakosea. Bibi yangu alipokuwa na miaka ishirini alitunga wimbo juu ya sauti ile. Katikati ya wimbo gita linanyamaza, na yeye anaongea kwa sauti ya mama yake, anamwomba mwenye nyumba aje kutazama bomba, ndiyo bwana, asante bwana, kama haitakusumbua bwana. Ndio uliowafanya wajulikane. Redio ilikuwa ikiupiga.

"Mama aliusikia?" nikamwuliza.

Akasema aliusikia kwa jirani. Kijana wa nyumba ile aliongeza sauti ya redio, na wote waliokuwa jikoni wakacheka, hadi mmoja wao alipomwona amesimama mlangoni. Mama alifunga vifungo vya koti lake akarudi nyumbani. Haya bibi yangu aliambiwa na shangazi yake miaka mingi baadaye, mama akiwa ameshakufa. Mama mwenyewe hakusema neno.

"Nilikuwa nikienda kumtembelea kila Jumapili," akasema, "na yeye ananitilia supu. Alikuwa akijua. Kila Jumapili alikuwa akijua."

Nilikuwa nimebeba begi langu tayari, nikaliweka chini tena.

Wimbo ule ulikuwa haumo katika zile nilizomsaidia kuzisikiliza. Sasa nikaelewa kwa nini. Alikuwa ameshamwambia kijana wa kampuni kwamba hautaki, naye akawa anamjibu kwa adabu kila mara kwamba wajadiliane kwanza wote kwa pamoja. Mkutano wa video ukapangwa, jioni kwetu na asubuhi kwao, siku ambayo nilikuwa na zamu ya jioni. Mashine ilikuwa imetengenezwa. Nilimwinua, nikamkalisha kwenye kiti chake cha magurudumu, nikamchana nywele, akaniomba nimpake rangi ya mdomo. Nikaisimamisha tableti juu ya vitabu.

Walikuwa watatu upande wa pili: kijana wa kampuni, mpiga gita na mpiga ngoma. Mpiga besi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na nadhani msiba huo ndio uliowakumbusha kwamba muda si wao. Mpiga gita alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mwenye kipara na sauti laini. Waliongea kwanza habari za marehemu, kisha chanjo, kisha wakafika penyewe. Kijana wa kampuni akaeleza kwamba maduka yanaulizia wimbo huo kabla ya yote, kwamba albamu ya kukusanya kazi zao zote ikitoka bila huo watu wataona wamedanganywa. Mpiga gita akasema jambo lililokuwa gumu zaidi kulijibu. Alisema maneno ni ya bibi, lakini muziki ni wake, na kwamba katika maisha yake yote hakutengeneza kitu kizuri kuliko ule. Alisema hivyo bila hasira.

Bibi yangu akanigeukia. Sikutarajia. Akawaambia hapa yuko rafiki yake ambaye hajawahi kuusikia, ni mama, ana binti, waupige tumsikie yeye anasemaje. Nikataka kujificha. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti na shati langu na ngao yangu, nikainama ili kamera inione, na nikajisikia ninasema, kabla ya mtu yeyote kuniuliza chochote, kwamba sijambo, asante. Hakuna aliyecheka. Walinisalimu.

Wimbo ukaanza. Gita lile lilikuwa kama mtu anayekimbia kwenye ngazi, juu, chini, juu, na besi ya marehemu ikimfuata. Ulikuwa mzuri kuliko zote nilizokuwa nimezisikia. Nilikuwa nimeshajiandaa kuhuzunika. Nilijua kinachokuja, nilijua ni mama wa nani, nilijua alivyofunga vifungo vya koti. Kisha gita likanyamaza na ile sauti ikaja, ya juu, ya heshima, imenyooka mgongo, ikimbembeleza mwenye nyumba habari za bomba, na neno moja kubwa likatoka limepinda.

Nikacheka.

Sikutabasamu, nilicheka kwa sauti, na pumzi ikaifunika ngao ya plastiki kwa ukungu hadi sikuona kitu. Nilisimama pale ndani ya ukungu wangu mwenyewe nikitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimemcheka mwanamke aliyekuwa amekufa, mbele ya binti yake, kwa kosa lilelile nililokuwa nikilililia mimi. Nilianza kuomba msamaha kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili bila kujua.

"Acha, kuku," bibi akasema. "Kila mtu hucheka. Niliutunga ili watu wacheke, na niliujua ufundi wangu."

Kisha akawageukia wenzake. "Mmeona. Huyu amelia wiki nzima kwa jambo hilihili, na bado amecheka. Siutaki kwenye santuri yenye jina langu."

Mpiga ngoma akafuta miwani yake. Mpiga gita akauliza kama angekubali muziki peke yake. Alikumbuka kwamba kulikuwa na utepe wa studio wa siku ile, uliorekodiwa kabla ya sauti kuwekwa. Kijana wa kampuni akasema anao, lakini nani atanunua wimbo huo bila maneno? Bibi akafikiri. Akasema watakaokumbuka maneno watayaimba wenyewe vichwani mwao na hana la kufanya juu ya hilo, lakini yeye hatayasema tena. Wakakubaliana hivyo, si kwa furaha.

Nilirudi nyumbani kwa treni, kabla ya saa za usiku ambazo watu wote walizuiwa kutoka. Binti yangu alikuwa jikoni akichemsha tambi. Simu yangu ikalia. Alikuwa msimamizi, akiuliza habari za mashine. Safari hii niliipokea. Nilisimama vile ninavyosimama, nikasema sijambo, asante, nikajibu maswali, nikatoa shukrani zangu zote na kichwa nikakiinamisha. Nilipokata, binti alikuwa ametulia, mwiko mkononi, hatazami popote.

"Niliiona," nikamwambia.

Akasema kwa Kiingereza kwamba ulikuwa utani tu. Kisha kwamba mama wa kila mtu yuko hivyo. Kisha akaanza kulia, na kilichomliza, alivyosema baadaye, si kwamba nilikuwa nimeiona bali kwamba alikuwa akinisubiri niseme, siku zote zile, kwa sababu yule mama muuguzi alikuwa amemwambia mtoto wake kwamba amenitumia, na mtoto huyo akampasha. Alijua kwamba najua. Tulikuwa tumekaa meza moja tukila, kila mtu na siri ya mwenzake mdomoni. Nikafikiria supu ya Jumapili kule Glasgow, nikaona kwamba sisi angalau hatukufika mbali hivyo. Nikamwuliza alijifunza wapi kuinamisha kichwa vile. Akasema, "Kwako, Mami," kwa Kiswahili, na hakukusudia kuchekesha.

Akaifuta video, lakini haikufutika. Ilikuwa imeshafika Nairobi, dada yangu akaniuliza kama nimezeeka kiasi hicho. Makanisa yalipofunguliwa, kijana mmoja mlangoni alinisalimu, nami nikasikia wenzake nyuma yake wakirudia jibu langu kwa sauti ya juu. Uso ukaniwaka moto. Mpaka leo nikipokea simu mbele ya watu, huniwaka.

Albamu ilitoka mwaka uliofuata. Ilichelewa kwa sababu viwanda vya santuri vilikuwa na foleni, na meli pia. Kuna mtu aliyeandika kwenye gazeti la kule kwamba kuuondolea wimbo ule maneno yake ni woga wa uzeeni. Bibi aliniomba nimsomee mara mbili, akasema huenda mwandishi amesema kweli.

Tuliisikiliza sebuleni kwake, mchana, madirisha wazi. Mashine ya santuri alikuwa ameiazima kwa jirani. Nilimwonyesha jalada: vijana wanne ukutani, wenye njaa na wenye kiburi, yeye wa pili kutoka kushoto na nywele alizozikata mwenyewe. Upande wa tatu ulipofika kwenye wimbo ule, gita likaanza kupanda na kushuka ngazi, na nilimwona anafunga macho. Kisha likafika pale linaponyamaza. Sasa palikuwa na ukimya tu, na mlio mdogo wa utepe wa zamani. Midomo yake ikawa inatembea. Hakutoa sauti. Nilikaa naye, nikatazama mikono yangu, kwa sababu nilihisi ni mazungumzo ya watu wawili na mimi si mmoja wao.

Gita likarudi. Upande ulipokwisha akauliza kama chai bado ina moto, nami nikaenda kutia nyingine.